Hodi Isiyokuja Jumapili

Baraka, 3 Februari 1957

Mdogo wangu Casimir,

Nakusalimu sana, pamoja na mkeo Suzanne na yule mtoto mliyempa jina la baba yetu bila kuniuliza. Sisi huku tupo. Mvua imenyesha vizuri, muhogo wa jirani yangu Mama Félicité umesimama, na ndakala, vile visamaki vyetu vidogo, zimejaa ziwani hadi watu wameanza kuzidharau. Kitambaa ulichotuma kwa stima ya Albertville kilifika kikinuka samaki. Nimekifua, nimekifua tena, na sasa ni gauni la Constance. Mtoto anakua. Ana miaka tisa na tayari ananisahihisha Kifaransa.

Kifua kimepona, Mungu ashukuriwe. Masista wa hospitali walinidunga sindano miezi mingi, hadi nikawa sijui nikalie upande gani. Kikohozi kikaondoka. Lakini kimeondoka na kitu kingine, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza ulikuja mlio, mwembamba, kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Haukomi. Kisha miguu. Mchana nikiangalia ninakokanyaga natembea vizuri, lakini nikifumba macho kunawa uso naanguka. Giza likianza kuingia nayumba barabarani. Shemeji Henri, mdogo wa marehemu Fabien wangu, alishuka kutoka biro ya serikali anakofanya kazi, Fizi, akaniona nikitoka kisimani nimeshika ukuta. Hakunisalimu hata. Akaniuliza mbele ya watu: "Shemeji, we iko nakunywa pombe? Batu bote banaona we natembea sawa mulevi. Mutoto wa kaka yangu hawezi kubakia ku mama wa vile."

Unajua desturi yetu. Mahari ilitolewa yote, mtoto ni wa ukoo wao, na wakimtaka watamchukua. Fabien alipokufa waliniachia Constance kwa sababu nilikuwa na akili timamu na cherehani. Cherehani bado ninayo.

Jambo jingine sijamwambia mtu. Constance akiniita, simsikii tena. Naona mdomo wake unacheza. Sauti ya Henri niliisikia yote, kwa bahati mbaya.

Wewe kazi yako ni masikio. Niambie yangu yana nini na yatarudi lini.

Dada yako,
Adolphine


Élisabethville, 10 Machi 1957

Yaya Adolphine, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Suzanne hajambo, mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye vidole vyangu. Kuhusu jina la baba, utusamehe. Angezaliwa msichana tungekuuliza. Huku baridi haijaanza, ila vumbi jekundu limeanza, na watu wa mtaani wanapita wakijikung'uta.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Nitakueleza kama ninavyoona kwa macho yangu, kwa sababu kuficha hakutakusaidia.

Kazi yetu ni hii. Wapo watu wanaokufa hapa hospitalini, na Daktari anataka kujua masikio yao yalipatwa na nini. Ndani ya kichwa, nyuma ya sikio hili la nyama, kuna mfupa mgumu kupita yote ya mwili. Unaletwa kwangu. Nauweka katika asidi hadi unalainika kama muhogo uliolowekwa, nauzamisha katika gundi nzito, nangoja miezi, kisha naukata kwa mashine vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Kabla ya kuweka kisu nainama karibu na mfupa na kubisha hodi, vile baba alivyotufundisha. Sikulelewa kuingia kwa mtu kimyakimya. Daktari alicheka mwanzoni, sasa amezoea.

Ndani ya mfupa kuna chumba kilichojiviringisha kama kombe la konokono, kimejaa maji. Humo zimesimama seli, yaani vitu vidogo vilivyo hai ambavyo mwili wote umejengwa navyo. Za sikio zimepangwa kwa mistari: mmoja upande wa ndani, mitatu upande wa nje, kutoka mlangoni hadi mwisho wa mzunguko. Kila seli ina vinywele vifupi kichwani. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinywele vinalala upande mmoja, na seli inapeleka habari kwenye ubongo. Chumba kingine pembeni kina seli kama hizo, nazo kazi yake ni kukuambia umesimama au unaanguka. Mara ya kwanza kuziona kwenye mikroskopi nilisahau kupumua, Yaya. Ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

Dawa iliyokuponya kifua inaziua. Nimeyakata masikio ya watu waliodungwa sindano hizohizo. Katika mistari unaona pengo hapa, pengo pale, na seli za jirani zimesogea kuziba nafasi. Zile za kukusimamisha hufa mapema, ndiyo maana gizani miguu inakupoteza. Kisha hufa zile za karibu na mlango wa konokono, zinazopokea sauti nyembamba: ndege, nyenje, watoto. Sauti nzito zinapokelewa ndani kabisa, mwishoni. Ndiyo sababu umemsikia Henri na si Constance.

Umeuliza yatarudi lini. Nywele za kichwa ukizinyoa msibani zinarudi kabla machozi hayajakauka. Hizi hazirudi. Mtu huzaliwa nazo zote, na iliyokufa imekufa. Nimeandika sentensi hii nikaifuta, nikaiandika tena. Nasikitika sana.

Usikubali sindano nyingine. Jioni shika ukuta bila aibu. Nitamwomba Daktari karatasi ya kumwonyesha Henri kwamba ni dawa, si pombe.

Mdogo wako,
Casimir


Baraka, 14 Aprili 1957, Jumapili ya Matawi

Casimir,

Asante kwa kuniambia ukweli. Nililia siku ile, kesho yake nikashona. Mama Félicité anakusalimu, amepata mjukuu kule Mboko na anataka wote tujue. Mimi najifunza kusoma midomo. Watu wenye ndevu wananichosha. Constance ananiandikia kwenye kibao chake cha shule, na akikasirika anaandika kwa herufi kubwa.

Sasa nikueleze jambo la ajabu kidogo. Yule Sebineza, mfugaji anayeshuka kutoka milimani na siagi, alikuja wiki iliyopita. Ana sauti ndogo, na heshima zake ni nyingi. Alisimama mlangoni kwangu akibisha, mimi ndani nakanyaga cherehani. Nilipogeuka kuchukua uzi nikamwona amenuna. Félicité ndiye aliyenipa maneno yake baadaye: "Alisema, mi napiga hodi mupaka koo inakauka, huyu mama hanitaki tena?" Nilimpa chai na kumwomba radhi hadi akacheka.

Hilo si la ajabu. La ajabu ni kwamba hodi nyingine naisikia.

Inakuja mchana, nikiwa kazini. Ni sauti ya mwanamume, nzito, imetulia: "Hodi, hodi," kisha anavuta pumzi, "hodi." Naisikia safi kuliko nilivyowahi kusikia kitu tangu niugue. Hata mlio wa sufuria unanyamaza kuipisha. Natazama mlangoni, hakuna mtu. Mara ya kwanza nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kuku tu.

Nawe unajua sisi tulivyolelewa. Hodi haiachwi ikining'inia. Basi nikaitikia: "Karibu." Tangu hapo naitikia kila ikija, na nasogeza kiti. Wakati mwingine baada ya kuitikia nyumba inanuka kitu kikali, kama siki iliyochanganywa na spiriti. Kisha inaisha.

Sikuogopa. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Kuna mtu anayenifikia.

Mistari yako inasema nini juu ya hilo?

Adolphine


Élisabethville, 12 Mei 1957

Yaya,

Salamu. Sisi wazima. Suzanne amepata kazi ya kufuma masweta kwa mabibi wa Kizungu, maana baridi imekuja.

Juu ya unachosikia, Daktari anasema ni kawaida. Seli zinapokufa, ubongo unakosa habari na unaanza kujitungia. Wengi husikia milio, wengine nyimbo za zamani. Anasema usihangaike.

Naomba unijibu maswali machache, ni kwa ajili ya kazi tu. Je, hodi hiyo inakuja kila siku? Jumapili pia? Na ile harufu, ni ya siki kweli, au ya kitu kinachokuuma machoni? Je, sauti hiyo unaijua?

Nakuomba usiitikie. Najua tulivyolelewa. Usiitikie tu.

Karatasi ya Daktari itafuata.

Casimir


Baraka, 23 Juni 1957

Casimir,

Sina salamu ndefu leo. Wamemchukua Constance.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa napinda sketi za shule, hodi ikaja. Ulikuwa umeniambia nisiitikie. Nilijaribu, mdogo wangu. Lakini ilirudi tena, kisha tena, kwa upole uleule, kama mtu aliyesimama juani anayejua uko ndani. Nikasema, "Karibu, ingia," nikainuka nikasogeza kiti, nikamimina maji kwenye kikombe na kukiweka kando ya kiti.

Henri alikuwa amesimama ubavuni mwa nyumba akiniangalia dirishani. Aliingia bila hodi yoyote.

"We nasema na nani?" akaniuliza.

"Na mugeni."

"Mugeni wapi? Mulango iko wazi, hakuna mutu. Hii mayi ni ya nani?"

Akamtazama Constance, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia na kibao chake, akamwambia: "Mwanangu, mama yako anasemaka na nani kila siku?" Constance alijibu, sikuona vizuri mdomo wake. Henri akaniambia polepole ili nisome: "Ulevi ningeuvumilia. Hii hapana. Anakwenda na mi Fizi, kwa tate, babu yake."

Wakapanda lori la muhogo. Constance alikuwa akilia, mdomo umefunguka wote, na mimi sikusikia hata kidogo. Nilikimbia hadi barabara kuu. Nilianguka mara nyingi, watu wakacheka wakidhani ni pombe.

Maswali yako. Inakuja siku za kazi, Jumamosi mara chache, na Jumapili haiji. Nimengojea Jumapili, haiji kamwe. Harufu ni ya siki na inauma macho, ndiyo. Sauti naijua na siijui. Inabisha kama baba: mbili za haraka, pumzi, ya tatu imemezwa kidogo. Lakini baba alikuwa na kikohozi, na huyu hana.

Unataka kujua nini, Casimir? Hayo si maswali ya Daktari.

Nitumie ile karatasi.

Adolphine


Élisabethville, 18 Agosti 1957

Yaya Adolphine,

Nisamehe kuchelewa. Niliandika barua nyingine mbili nikazichana.

Habari ya Constance imetuumiza sana. Suzanne hakula siku ile. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Daktari, ina mhuri, imeeleza kwa Kifaransa kwamba unayumba na husikii kwa sababu ya dawa, na kwamba akili yako ni nzima. Nimemwandikia Henri pia, kwa heshima, kama shemeji kwa shemeji.

Kuhusu lile jingine, sidhani utalisikia tena. Usiniulize kwa nini. Nimebadilisha namna fulani ya kufanya kazi, hilo tu. Ukiona kimya, kaa kimya nawe, na Henri akija asikukute unasema na mlango. Mtoto atarudi.

Kazini mambo si mazuri sana siku hizi. Vipande vinajikunja, kisu kinachana mistari pale ninapotaka kuiona. Mikono yangu inatetemeka nikiugusa mfupa. Daktari ananitazama.

Mdogo wako anayekupenda,
Casimir


Baraka, 29 Septemba 1957

Mdogo wangu,

Salamu kwako, Suzanne na yule mtoto mwenye jina la baba, wa meno mawili, ambayo sasa nadhani ni mengi. Mvua za kwanza zimeanguka. Félicité ameuza mbuzi na kununua miwani asiyoihitaji.

Constance amerudi. Henri alisoma karatasi ya Daktari bironi kwake mbele ya wenzake, na mhuri ulimpendeza. Akashuka akakaa kwangu siku nzima kwa kisingizio cha kutengeneza mlango wa kuku. Aliniangalia toka asubuhi hadi lori la jioni. Hakuna kilichokuja, sikuitikia chochote. Akaniambia: "Sawa, shemeji. Lakini nikisikia tena hata mara moja, mutoto hatarudi hapa mupaka aolewe." Nami namwamini. Henri hasemi uongo, ndiyo ubaya wake.

Kwa hiyo ushauri wako umefaulu. Naye mtoto analala karibu nami, natia mkono mgongoni mwake nisikie anavyopumua.

Sasa nisikilize. Tangu barua yako, kimya. Nilidhani nitashukuru. Casimir, hukuniambia kimya kikoje. Hata mlio umeisha. Radi inapiga ziwani, naona mwanga, nangoja, hakuna kinachofuata. Naona watu kanisani wamefungua midomo yote, na mimi nimesimama katikati yao kama niko chini ya maji. Hodi ile ilikuwa kitu cha mwisho kilichobaki, nawe umekizima.

Nilichukua barua zako zote nikazisoma upya. Siku za kazi tu. Siki na spiriti. Hodi ya baba kwenye kifua kisicho na kikohozi. Na mstari wako mmoja wa Machi, wa kuinama karibu na mfupa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, huwezi kunificha kitu katika barua. Ni wewe.

Sikuulizi inawezekanaje. Nakuomba kitu kimoja. Bisha tena mara moja, Jumapili, alasiri, Constance akiwa katekisimu na Henri akiwa misani Fizi au popote anapokuwaga. Nitafunga mlango. Nitaitikia kwa sauti ya chini. Nataka kuisikia nikijua ni wewe, kisha nitakaa na kimya changu.

Adolphine


Élisabethville, 3 Novemba 1957

Yaya yangu,

Ni mimi. Nilijua tangu uliponiandikia ile harufu, na niliogopa kukwambia.

Nilikuwa nabisha kila mfupa, miaka yote hii, na sikuwahi kuanza kukata palepale. Nilikuwa nangoja kidogo hadi mkono utulie. Nilidhani ni mazoea. Mwezi wa Februari au Machi mwaka huu mkono ulianza kutulia upesi sana, na vipande vyangu vikawa vizuri kuliko vya mtu yeyote, Daktari akavituma Ulaya. Nilipoacha kubisha kwa ajili yako, mkono ukakataa. Sasa naelewa nilichokuwa nangoja. Nilikuwa nangoja karibu yako.

Hili ndilo linalonitisha zaidi: mimi nilibisha kwenye milango ya wafu wale, na wewe ndiye uliyeitikia. Si mlango wako. Sijui waliopita hapo waliingia wapi.

Lakini siwezi kukunyima. Nitafanya Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe moja Desemba, saa tisa alasiri, nyumba ya kazi ikiwa tupu. Ninao ufunguo. Umebaki mfupa mmoja ambao sijaufungua, wa mama mmoja aliyekufa kwa kifua baada ya sindano zilezile zako. Nitauinamia huo. Nitabisha mara moja tu, na sitakata. Hakikisha mtoto hayupo.

Casimir


Baraka, 3 Desemba 1957

Casimir,

Salamu. Tuko wazima wa mwili.

Jumapili Constance alikwenda katekisimu baada ya chakula. Nilifunga mlango, nikavaa kitenge kizuri, naona aibu kukwambia, nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Nilifurahi kama bibi arusi. Nilikuwa nimetayarisha sauti yangu, maana siku hizi sijui kama nasema chini au juu.

Nilingoja sana. Sikusikia kitu. Nikafikiri umechelewa, au umeogopa. Kisha nikaipata ile harufu, siki na spiriti, kali hadi macho yakatoka machozi. Nikajua umekwisha bisha. Umebisha na mimi sikusikia. Hata zile za ndani kabisa zimekufa, mdogo wangu. Nililia kwa kelele, nadhani, kwa sababu koo liliniuma.

Nilipogeuka kutafuta kitambaa nikamwona Constance. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma; katekista alikuwa na homa, watoto walirudishwa mapema. Alikuwa na sahani ya muhogo mkononi. Hakunitazama mimi. Aliutazama mlango niliofunga, kichwa kimeinama kidogo kwa adabu, na nikauona mdomo wake ukisema. Nimejifunza kusoma midomo, na neno hilo ni rahisi kuliko yote.

Nilimziba mdomo kwa mkono. Nilikuwa nimechelewa.

Nikampa kibao, nikamwuliza ni nani. Masikio yake ni mazima, Casimir, hajawahi kudungwa sindano hata moja. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, bila hofu yoyote, kisha akanigeuzia nisome: "Ni mujomba Casimir. Iko na batu bengi nyuma yake. Niliambia bote karibu."

Tangu juzi anasogeza viti. Jana aliitikia akiwa kisimani, mbele ya Félicité. Fizi si mbali, na Henri atasikia.

Kama mkono wako ulitulia Jumapili ile, basi ujue si mimi niliyekukaribisha. Mfupa wa yule mama uzikeni kama ulivyo. Nawe utafute kazi nyingine, mdogo wangu, hata ya kubeba mizigo stesheni, na usibishe tena popote.

Dada yako,
Adolphine